Magnetomita na rada ya ardhini kabla ya ujenzi, Dodoma: uzoefu wangu

Tulipimiwa hekta 3 nje ya mji kabla ya kuchimba misingi ya maghala, kutafuta mabaki ya kale yaliyofukiwa. Magnetomita, kifaa kinachopima tofauti za usumaku ardhini, ilistahili kila shilingi. Rada, inayotuma mawimbi ya redio ardhini na kusoma yanayorudi, kwa nusu ya kiwanja tuliilipia bure.

Tatizo ni udongo. Upande wa juu ni kichanga chekundu cha granaiti, na antena ya megahezi 400 ilisoma hadi kama mita moja na nusu. Upande wa chini ni mbuga nyeusi, na mfinyanzi ule unameza mawimbi: kupita sentimita 40 picha ni ukungu mtupu. Kabla ya kukodi rada, lowanisha konzi ya udongo uuviringishe kiganjani. Ukitoka kamba nyembamba isiyokatika, achana na rada.

Magnetomita hutembezwa kwenye miraba ya mita 20 kwa 20, mistari ikiachana nusu mita. Vigingi viwe vya mti, si nondo, na mpimaji aache simu, mkanda na buti zenye chuma. Miraba minne ilibidi irudiwe kwa sababu ya pikipiki iliyoegeshwa mita 10 tu pembeni. Kando ya uzio wa mabati hakusomeki kitu.

Kinachopotosha zaidi huku kwetu ni mkaa. Udongo uliochomwa hushika usumaku unapopoa, kwa hiyo tanuri la mkaa la mwaka jana, tembe lililoungua na tanuri la kale la kuyeyushia chuma vyote huonekana doa lilelile kwenye ramani ya vipimo. Ramani peke yake haitoshi. Dai mashimo ya majaribio ya mita 1 kwa 1, yachimbwe na mwanaakiolojia mwenye kibali, kama Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavyotaka. Kwetu yalichimbwa manne. Matatu yalitoa mkaa. La nne lilitoa mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyusha chuma, mazito, yenye mikunjo kama uji ulioganda, pamoja na kipande cha mrija wa udongo wa mivukuto. Ghala likasogezwa mita 15, na nafurahi sana kwamba katapila halikutangulia.

Mahali pasipo na doa msipaamini moja kwa moja: kaburi lililofukiwa kwa udongo wake wenyewe, au zana za mawe, mara nyingi magnetomita haivioni. Mtu atembee kwanza akiangalia vigae juu ya ardhi.

Malalamiko yangu ni ripoti. Tulipewa picha za rangi tu. Data ghafi na majiranukta (vipimo vya mahali hasa) ya kila doa tulivipata baada ya kufuatilia wiki tatu. Viandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya awali.