Wazee wa dansi na vijana, jukwaa moja Raskazone, Tanga

Kiingilio shilingi 10,000, na ningelipa hata mara mbili. Vijana walifungua. Sauti wanazo, ila waliimba juu ya muziki uliorekodiwa, na spika ya kushoto ilikoroma mwanzo hadi mwisho.

Kisha wakapanda wazee na magitaa yao matatu. Solo lilianza peke yake, rithimu ikalidaka, besi ikaingia chini taratibu. Nikamkumbuka marehemu baba, alivyokuwa akitusimulia enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz hapahapa Tanga. Kilichonitoa machozi ni yule binti wa kundi la vijana: alirudi kuimba na wazee, tarumbeta ikimjibu kila mstari. Hapo ndipo aliimba kweli! Chipsi zilikuwa baridi. Waandaaji, safari ijayo wapandisheni pamoja tangu saa tatu.