"Kwani ulitaka nikuvutie maji?": uzoefu wangu na wakala aliyetupangia safari ya Pemba

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya nahodha, si yake.

Nianze na ile simu, maana kila nikijaribu kuanza mwanzoni hasira inanirudisha palepale. Mimi, mama mdogo na mdogo wangu wa kiume tumesimama ufukoni upande wa Wesha, saa tatu kasoro asubuhi kama ratiba ilivyotuamuru. Mabegi mgongoni, mafuta ya jua usoni, mama mdogo kajifunga kanga juu ya suruali tayari kwa kisiwa cha Misali. Boti tunaiona. Imelala ubavu kwenye tope, usukani wa mashine unaning'inia hewani, na bahari yenyewe iko kule mbali, mstari mwembamba tu nyuma ya mikoko. Kuku wawili wanadonoa chini ya boti. Kuku!

Nampigia wakala. Namwambia, kaka, tumeshafika lakini maji hayapo. Kimya. Nasikia mtu anakoroga chai. Kisha ananijibu:

"Dada, kwani ulitaka nikuvutie maji?"

Sentensi hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo, na nimemsimulia kila mtu wa ofisini kwetu hadi mlinzi. Hapana kaka yangu, sikutaka univutie maji. Nilitaka uangalie mwezi kabla hujaandika saa.

Kwa wenzangu wa bara ambao nanyi mtakuja kudanganyika: kwenye visiwa vyetu hivi ratiba haipangwi na saa ya ukutani. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inapiga bamvua, maji yanakupwa mno na kujaa mno, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita nne hivi. Siku za bamvua, pwani yetu hii, maji huwa yamekauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, halafu yanajaa mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo yanageuka, na ile asubuhi unayokuta tope leo ungekuta maji. Kwa hiyo saa tatu si kosa. Saa tatu ya siku ile ndiyo kosa. Hili halihitaji shahada, mtoto anayevua pweza analijua.

Lakini ratiba yetu kila siku ilianza saa tatu. Siku ya kwanza saa tatu, ya pili saa tatu, ya nne saa tatu. Na siku ya tatu ilisomeka hivi, nanukuu neno kwa neno: "Kupanda mlima. Beba koti zito na soksi za sufu."

Pemba. Mlima.

Pemba ina vilima, tena vingi, vya kijani, vinapanda na kushuka hadi gari linakuchosha. Ila kisiwa kizima hakuna pahala panapofika hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ni wazi alichukua ratiba ya watu wa huko Kilimanjaro akafuta jina la juu. Mimi nililiona hilo mapema, nikacheka, nikamtumia dada yangu naye akacheka, kisha nikalipa. Hapo kosa ni langu, nalikubali. Mama mdogo yeye hakucheka, alinunua koti.

Kusema ukweli dalili zilikuwepo tangu ujumbe wa kwanza. Nilimwandikia barua nzima: tunataka kisiwa, lakini si kulala mchangani kutwa tukigeuzwa kama samaki wa kukaanga, tunataka kutembea kwa miguu, msitu, ndege, boti, tupo watatu, mmoja ana magoti yanayomsumbua, mmoja hajui kuogelea. Akanijibu: "Karibu sana dada. Malipo ya awali utafanya lini?" Hakuuliza magoti ya nani, wala nani hajui kuogelea, wala tunakuja wakati gani. Na wakati ndiyo kila kitu, kwa sababu ukienda masika, Machi hadi Mei, njia za msituni ni utelezi mtupu, na ukienda upepo wa kusi umeshika kati ya miezi ya baridi, kivuko kutoka Unguja hadi Mkoani kitakutoa hata ulichokula juzi. Sisi tulienda baada ya masika, kusi imeanza. Tulitapika, tukafika.

Turudi kwenye tope.

Mama mdogo, ambaye ni mtu wa vitendo, akasema kama boti haiji kwetu tutaifuata. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mguu wa kushoto ukazama hadi gotini, na goti ndilo lile lile bovu. Alipouvuta ukatoka bila kandambili. Kijana wa kwenye boti akaja mbio, akapiga magoti, akaingiza mkono tope likamfika begani, akapapasa huku akiangalia juu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akaibuka na kandambili na kaa mdogo amening'inia kwenye mkanda wake. Kandambili ikapanguswa. Mama mdogo akaivaa bila kusema neno, na mimi namjua, kimya chake ni kibaya kuliko matusi.

Ndipo nahodha, mzee wa makamo ya babu yangu, akatuita kivulini. Hakuwa na mshangao wowote. Akasema, "Wanangu kaeni. Nilimwambia kijana wenu tangu juzi, hilo bamvua, waje saa saba. Akanambia wageni wameshapewa karatasi, haibadilishwi."

Alijua! Someni tena hapo. Aliambiwa na nahodha wake mwenyewe, siku mbili kabla, na bado akanijibu mimi habari za kuvuta maji. Nafuta ile nyota moja. Sifuri. Kama mfumo haukubali sifuri basi ijulikane kwamba hii moja ni kwa sababu ya mfumo.

Tulikaa kivulini kwa muda wa karibu saa nne. Na hapa inabidi niwe mkweli ingawa inaharibu hasira yangu: zilikuwa saa nzuri. Nahodha alitusimulia asili ya jina Misali, kwamba wahenga wanasema Nabii Hidhri alifika kwa wavuvi akaomba msala wa kuswalia, wakawa hawana, basi akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa vile kimeelekea kibla. Mama mdogo, ambaye ni Mkristo tena wa kwaya, aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote. Ilipofika saa sita na nusu maji yakaanza kuingia kwenye mikoko, polepole, yakijaza kwanza vijifereji, kisha nyayo zetu za asubuhi moja baada ya nyingine, hadi shimo la goti la mama mdogo likawa kidimbwi. Boti ikatikisika. Ikasimama yenyewe. Saa saba na ushei tukaondoka.

Misali sitaielezea, nendeni. Nitasema tu kwamba tulifuata njia inayopita kwenye msitu wa kisiwani, hakuna aliyejenga nyumba mle, na tulipotokea upande wa pili maji yalikuwa yamejaa hadi juu, ya rangi ile ambayo ukipiga picha watu wanadhani umeipaka. Tungefika asubuhi tungekuta maji yamekimbia. Yaani mpango ulioharibika ulitupa siku bora kuliko mpango uliopangwa, na hilo nalo linaniudhi, maana wakala angelijua angedai ni sifa yake.

Isipokuwa tulikosa Kidike. Kwa kuwa ratiba ilisema turudi kutoka Misali saa nane mchana kisha tukaone popo huko Kidike, na saa nane sisi ndiyo kwanza tunashuka kwenye boti. Mdogo wangu alikuja Pemba kwa ajili ya popo tu. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, mabawa yake yakitanuliwa yanazidi mita moja, na kuna miaka walikaribia kuisha kabisa kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Kijana alikuwa ameyasoma hayo yote, ana picha ya popo kwenye simu. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu. Nikimtazama, ile sentensi inanirudia: kwani ulitaka nikuvutie maji.

Sasa Ngezi.

Ngezi nayo aliipanga yeye huyohuyo, siwezi kumnyima. Ni msitu ulioko kaskazini magharibi, mabaki ya ule uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla mikarafuu haijachukua ardhi. Barabara kutoka Konde inaingia msituni ghafla, unatoka kwenye jua la mashamba na ile harufu ya karafuu, unaingia kwenye giza la kijani na hewa inabadilika puani. Mwongozaji wa pale alikuwa mtu ambaye ningemlipa hata asiponiongoza. Alimtazama mama mdogo anavyotembea, akabadilisha njia bila kuuliza na bila kumwaibisha, akatuambia hii fupi ndiyo yenye mambo mengi. Akatuonyesha mpapindi, mti mwembamba wa mwituni wa jamii ya minazi ambao asili yake ni hapa Pemba.

Usiku akaturudisha kusikiliza bundi. Mama mdogo akagoma. "Mimi nimetapika baharini, nimezama kwenye tope, halafu nilipe nikasikilize bundi? Huo si uchuro wa kununua?" Mwongozaji akamjibu kwa upole, "Mama, huyu wa kwetu ni mdogo tu, na yuko Pemba peke yake. Hana uchuro, hajui hata nyumba zenu ziko wapi." Tukazima tochi. Giza la Ngezi si giza la umeme kukatika, ni giza lenye uzito. Halafu tukamsikia: hu. Kimya. Hu. Mlio mfupi, mmoja mmoja, kama mtu anayeitika jina akiwa chumba cha pili. Mama mdogo akanishika mkono, akaushikilia hadi mwisho. Na mwajua alikuwa amevaa nini? Lile koti. Mbu walitumaliza mimi na mdogo wangu, yeye hakuguswa.

Kwa Ngezi natoa nyota tatu. Nne. Ile siku ya "mlima" tulikwenda Ras Kigomasha kupanda mnara wa taa, wa chuma, uliosimama tangu 1900, na juu kule mdogo wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Misali. Kwa hiyo nilikuwa natoka Pemba na moyo mweupe kabisa, nimeshaanza kujiambia kijana wa watu labda alikuwa na siku mbaya.

Halafu akanitumia ujumbe: "Habari dada, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."

Uliojitokeza! Kama uyoga. Hakuna aliyeuleta, ulijitokeza wenyewe. Kaka, usumbufu haukujitokeza, uliandikwa saa tatu, ukapigiwa simu na nahodha, ukaambiwa karatasi haibadilishwi. Nilimjibu kwa herufi kubwa mambo ambayo hapa siyarudii. Nikarudi nyota moja.

Baada ya siku kadhaa, sikumbuki ngapi, hela ikaingia kwenye simu yangu, karibu theluthi ya tulicholipa. Bila maelezo, na bila mimi kudai. Sasa hapo mnifanyie nini? Nimeandika tathmini hii mara tatu na kila mara idadi ya nyota ni tofauti. Mdogo wangu anasema nimpe mbili. Mama mdogo anasema asamehewe, ila nisimtaje tena mbele yake wakati anakula. Mimi naona mtu anayerudisha hela si mwizi, ila mtu asiyejua bamvua asiuze bahari. Mbili, basi. Moja na nusu.

Popo bado tunawadai, kwa hiyo tunarudi, safari hii bila karatasi ya mtu. Juzi nimempigia nahodha moja kwa moja. Nikamwambia babu, sisi wale wa kandambili, tunataka Misali asubuhi na Kidike jioni. Hakutaja hela. Aliniuliza tu, "Mwezi utakuwa wa ngapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Wa nane. Agosti."

Akacheka hadi simu ikakatika.