Beji za karatasi ya mkono: ipi ununue ukiandaa shughuli Mombasa

Kwenye warsha moja Nyali, mgeni rasmi alinivuta kando kabla ya chai ya saa nne. "Dada, hebu nisomee, hapa mimi naitwa nani?" Beji yake ilikuwa karatasi nzuri iliyotengenezwa kwa mkono, rangi ya maziwa, nyuzi za nyasi zikionekana ndani. Jina lilikuwa limesambaa likawa doa la buluu. Aliyeniuzia alikuwa ameapa kwamba inakubali wino wowote.

Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kudondosha tone la maji. Omba kipande, dondosha, hesabu nusu dakika. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, karatasi imetiwa kitu cha kuzuia wino usisambae, kama wanga au jelatini, na jina litasomeka. Likizama papo hapo, mrudishie mwenyewe. Kisha andika jina kwa kalamu utakayoitumia, ngoja likauke, ulisugue kwa kidole chenye jasho. Jasho Mombasa hutalikosa.

Namba moja kwangu ni karatasi ya mkono nzito, isiyo na mbegu za kuotesha ndani yake, gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Hutoka kwenye makaratasi ya ofisi yaliyotumika: yanalowekwa, yanapondwa hadi rojo, yanachotwa kwa fremu ya wavu na kuanikwa. Kuna pia ya kinyesi cha ndovu; huoshwa na kuchemshwa kwanza, na mimi niliyoishika niliinusa, hainuki. Vuta kona moja kwa nguvu. Ikiraruka kirahisi, tundu la kamba halitafika saa sita.

Usiipeleke kwenye printa ya leza kwa pupa. Uso wake una mabonde, unga wa wino haushiki vizuri, na ikiwa nene inakwama. Nembo piga kwa muhuri wa mpira, majina yaandikwe kwa mkono. Mimi humwita mchora hina: mkono umetulia, herufi zinapendeza, na majina 60 aliyamaliza asubuhi moja kabla hajaenda kumchora bi harusi. Kwa hesabu, karatasi ya A4 inatoa beji 8 za milimita 74 kwa 105. Watu 100 wanahitaji karatasi 13. Nunua 15, kuna majina utakayoyakosea. Ila pima karatasi kabla ya kulipa, maana kingo zake hazinyooki na huenda ukapata beji 6 tu.

Ya pili ni kadibodi ya kahawia ya kiwandani, iliyotokana na karatasi kuukuu. Ile nyembamba inapita kwenye printa na haina maringo. Watu wakizidi 150, hata mimi huichagua hiyo.

Ya tatu, vitambaa vya kikoi vilivyobaki kwa mafundi. Vinafaa wahudumu, ambao beji wataivaa tena mwezi ujao.

Karatasi yenye mbegu naiweka ya nne, na najua wengi watanuna. Wazo ni tamu: shughuli ikiisha, mtu anaifukia beji yake ardhini, mbegu ziote. Lakini mbegu huacha vinundu, kalamu inarukaruka juu yake, na unyevu wa pwani unaiharibu kabla ya siku yenyewe. Ukiing'ang'ania, uliza ni mbegu gani. Mchicha au mrehani, sawa. Maua ya ugenini hapana. Ihifadhi kwenye mkebe mkavu, na usiagize mapema wakati wa masika.

Ya mwisho kabisa ni kuichukua hiyo karatasi yote ukaitia kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza. Na kama ratiba ina safari ya boti hadi hifadhi ya bahari, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku huko tangu tarehe 5 Juni 2020.

Bado kamba. Pini zinatoboa buibui, na utalaumiwa wewe. Utepe wa pamba ndio wa kununua. Katani inapendeza kwenye picha, lakini kwa joto la Februari inawasha shingo. Mzee mmoja aliivua beji yake, akaiweka mezani, akaichukua ile kamba kufungia miwani.