"Underdescribe" au "misdescribe"?

Vitenzi hivi viwili vya Kiingereza vyote hulaumu maelezo, lakini kosa si moja. "Underdescribe" ni kueleza kitu kwa uchache mno: yaliyosemwa ni kweli, ila hayatoshi. "Misdescribe" ni kukieleza sivyo kilivyo.

Cha kwanza ni adimu, na mara nyingi hutokea katika umbo la kutendwa, "underdescribed". Wanaisimu hulitumia kwa lugha ambazo bado hazina sarufi wala kamusi ya kutosha. Wanafalsafa nao hulitumia kwa kisa cha kubuni kilichokosa maelezo ya kutuwezesha kuamua. Shahidi akisema tu "niliona gari", ameeleza pungufu. Akisema lilikuwa jekundu ilhali lilikuwa jeupe, hapo kitenzi ni "misdescribe".

Hiki cha pili kiliwahi kuingia hata sheriani, katika umbo la nomino: mwaka 1991 Uingereza ilitunga "Property Misdescriptions Act", sheria dhidi ya madalali wa nyumba waliotoa maelezo ya uongo au ya kupotosha, iliyofutwa mwaka 2013.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: nikiongeza maelezo bila kufuta neno lolote, kasoro itaondoka? Ikiondoka, chagua "underdescribe". Isipoondoka, chagua "misdescribe", nacho hakidai kwamba msemaji alikusudia kudanganya.