Jengo jipya: kulipitishia hewa au kuipima?

LEED, mfumo wa Marekani wa kuthibitisha majengo yanayojali mazingira, katika toleo la 4 unampa mwenye jengo jipya njia mbili za kuhakikisha hewa ya ndani haina gesi za vifaa vipya. Ya kwanza ni kulipitishia hewa ya nje: mita za ujazo zipatazo 4,267 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, joto la ndani kati ya nyuzi 15 na 27, unyevu usizidi asilimia 60. Kwa Dar es Salaam au Mombasa hapo ndipo penye kazi. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Viyoyozi vitaikausha usiku na mchana, na bili ya umeme itapanda.

Ya pili ni kupima kabla watu hawajahamia. Kifaa huwekwa usawa wanaovutia watu pumzi, mitambo ya hewa ikifanya kazi kama siku ya kawaida. Formaldehaidi, gesi inayotoka kwenye gundi za mbao, isizidi sehemu 27 kwa bilioni. Ukifeli, unarekebisha tatizo na kupima tena.

Mimi ningepima. Kupitisha hewa peke yake hakukuambii kama kabati jipya la MDF (mbao za nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi) bado linatoa gesi inayowasha macho. Ila siku za kupima ziingie kwenye ratiba mapema, kabla mkandarasi hajakabidhi funguo.