Dawa ya Kupuliza ya Kusafishia Throto: Inapofika na Isipofika

Dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta na throto (mlango wa hewa wa injini), inayopatikana katika maduka mengi ya spea hapa Mombasa, inastahili bei yake, mradi mnunuzi ajue mapema inafika sehemu gani ya injini. Nimeitumia nyumbani kwenye Probox yangu yenye injini ya 1NZ-FE, na kwa kazi hiyo moja ya kusafisha throto sina lalamiko lolote. Lalamiko langu ni juu ya maandishi ya kopo, yanayodai kwamba dawa hiyo hiyo huondoa kaboni kwenye vali na juu ya pistoni.

Ukilegeza klampu na kuchomoa paipu kubwa ya hewa inayotoka kwenye kisanduku cha kichujio, utakiona kibati cha duara cha throto kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Ukingo wa kibati changu ulikuwa umezungukwa na utando mweusi wenye kunata, ambao ni masizi yaliyochanganyika na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa kupitia vali ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini. Utando huo huziba upenyo mwembamba ambao injini huvutia hewa wakati hujakanyaga mafuta, na ndiyo sababu gari lenye throto chafu hutetemeka au hutaka kuzimika likiwa limesimama kwenye foleni ya feri ya Likoni, ilhali barabarani linakimbia vizuri. Nilipulizia dawa kwenye kitambaa kwanza badala ya kuimimina ndani, nikapangusa taratibu, nikamalizia pembeni kwa mswaki mkuukuu. Utando uliyeyuka mara moja, kitambaa kikawa cheusi kama sufuria ya kuni, na chuma chini yake kikarudia rangi yake. Nilipowasha, ule mtetemo ulikuwa umekwisha.

Kuhusu vali, hali ni tofauti kabisa. Katika injini kama yangu, nozeli hupuliza petroli nyuma ya vali za kuingizia hewa, hivyo petroli yenyewe huziosha siku zote, na anayetaka kuongeza nguvu ya uoshaji huo atafaidika zaidi na dawa ya kutia kwenye tangi yenye kemikali iitwayo PEA. Lakini tangu Mitsubishi ilipoanza kuuza injini zake za GDI mwaka 1996, magari mengi yametoka kiwandani yakiwa na nozeli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Golf za TSI na Demio za Skyactiv ni miongoni mwa hayo. Petroli ya magari hayo haigusi mgongo wa vali za kuingizia hewa hata kidogo, kwa hiyo dawa ya tangi haiwezi kuzisafisha, hata ukitia chupa ngapi. Mvuke wa oili nao hukaukia pale juu ya chuma cha moto, tabaka juu ya tabaka. Toyota iliitatua shida hiyo katika injini za D-4S kwa kuweka nozeli za aina zote mbili. Kopo la kupuliza huweza kulainisha tabaka changa, lakini kaboni iliyokwisha kuwa ngumu haliiwezi.

Wapo wanaoshauri injini iwashwe na dawa ipulizwe kwa wingi kwenye njia ya hewa mpaka slensa itoe moshi mzito. Sikubaliani na njia hiyo kwa kopo ambalo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kioevu hakibanwi kama hewa, na kikiingia kwa wingi kwenye silinda huweza kupinda konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na krenki), hasara isiyolingana hata kidogo na bei ya kopo. Vilevile dawa hii haifai kabisa kwa sensa ya kupimia hewa, ambayo nyaya zake ni nyembamba mno na ina dawa yake maalumu. Kwa kuwa inashika moto upesi na harufu yake huumiza kifua, fanya kazi nje, injini ikiwa imepoa na waya wa hasi wa betri ukiwa umefunguliwa. Kibati kinachoendeshwa na mota ya umeme kisisukumwe kwa kidole kwa nguvu, maana gia zake ndogo za plastiki huvunjika.

Baada ya usafi, baadhi ya magari, hasa Nissan, hunguruma juu kuliko kawaida kwa sababu kompyuta yake ilikwisha kuzoea throto iliyoziba, na hapo itabidi fundi mwenye mashine ya kupimia aifundishe upya.

Kwa mwenye TSI iliyokwisha kupoteza nguvu, pesa za makopo ni afadhali aziweke kwa ajili ya fundi anayefungua manifoldi (paipu zinazogawa hewa kwa silinda) na kupuliza unga wa maganda ya jozi (walnut) kwa hewa ya kompresa, kwani maganda hayo huvunja kaboni bila kukwaruza chuma. Kabla ya kumwachia gari, muulize kama huizungusha injini kwa mkono ili vali za silinda anayoishughulikia ziwe zimefunga kabisa, unga usije ukaingia ndani.