Injini ya Kupachika: Pima Tezi Kwanza, Bei Uulize Baadaye

Injini ni mpya, imefungwa vizuri, mafuta yamechanganywa sawasawa. Boti ikikutana na mawimbi, injini inapiga ukelele, propela inazunguka bure na chombo hakisogei. Miezi michache baadaye fundi anafungua na kukuta imechemka. Lalamiko hili linasikika pwani na Ziwa Victoria vilevile, na mwenye chombo huambiwa alaumu petroli. Mara nyingi petroli haina kosa lolote. Shafti, yaani mguu wa injini unaoshuka hadi kwenye propela, ni fupi kuliko tezi, yaani kimo cha ubao wa nyuma ya boti injini inapobana.

Suala la HP, yaani nguvu ya injini, naliacha. Kila tajiri wa boti anajua kama chombo chake kinataka 15 au 40, na asiyejua atamwuliza jirani. Urefu wa shafti ndio hakuna anayeuliza, na muuzaji hasemi.

Injini nyingi za wavuvi huja kwa urefu wa aina mbili: shafti fupi, kwa tezi ya inchi 15 (sentimita 38), na shafti ndefu, kwa tezi ya inchi 20 (sentimita 51). Ya inchi 25 ipo, ila ni ya vyombo vikubwa. Dukani hizo inchi tano hazionekani. Majini ndizo zinazoamua kama injini itadumu.

Angalia juu kidogo ya propela, utaona bamba bapa. Injini ikiwa imefungwa, bamba hilo linatakiwa lilingane na chini ya boti, au lishuke chini yake kwa sentimita mbili na nusu, isizidi hapo. Likikaa juu zaidi, propela inavuta hewa, inakosa maji ya kusukuma, na mizunguko inapanda ghafla. Matundu ya kuingizia maji ya kupoza yako hukohuko chini, kwa hiyo nayo yanavuta hewa. Impela ya mpira iliyo ndani ya pampu inazunguka kavu, mbawa zake zinaungua, na yale maji yanayochuruzika nyuma ya injini yanaanza kukatikakatika. Ukiyaona hivyo, punguza moto mara moja. Ukiendelea utaua pistoni.

Kazini mambo huwa mabaya zaidi. Watu wanne wakisogea omo, mbele ya boti, kuvuta wavu, tezi inanyanyuka. Injini iliyokuwa inagusa maji kwa shida sasa inachungulia hewani, na nahodha anaongeza moto akidhani boti imelemewa.

Shafti ndefu kupita kiasi nayo ina hasara. Inaburuta maji, inarusha manyunyu ndani ya chombo, na maji yakitoka inagonga miamba. Tundu la moshi la juu likikaa karibu sana na maji, maji yanaweza kupanda hadi ndani ya injini. Lakini kati ya makosa haya mawili, la shafti fupi ndilo linaloua injini haraka.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu, weka futi juu ya tezi, katikati kabisa, pale injini itakapobana, kisha shusha hadi chini. Kama mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, unafika mpaka nyuma, pima hadi chini ya mkuku, kwa sababu maji yanayopita pembeni mwake yanafika kwenye propela yakiwa yamevurugika. Ukipata inchi 14 hadi 16, chukua fupi. 19 hadi 21, chukua ndefu. Ukiangukia 17 au 18, chukua ndefu, uinue tezi kwa ubao mgumu uliopigwa bolti. Usikubali fundi akate tezi ili shafti fupi ifike, maana wimbi la nyuma litaingilia palepale alipokata. Ngalawa na dau, ambapo injini hukaa kwenye ubao wa pembeni, zinataka ndefu kwa sababu chombo kikiyumba upande mmoja hunyanyuka.

Sasa za kununua. Namba moja kwangu ni Yamaha Enduro ya HP 15 au 40, shafti ndefu, na sioni haya kusema naipendelea. Ni ya mapigo mawili, yaani oili yake huchanganywa na petroli, ina kabureta, inawashwa kwa kamba, haihitaji betri, na fundi wa mwaloni anaifungua akiwa amefumba macho. Oili yake iwe ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3, si ya bodaboda. Kwa saa 10 za mwanzo weka mililita 800 kwa lita 20 za petroli; baada ya hapo mililita 400 zinatosha. Kwenye kibao cha modeli, pale kwenye kibanio, soma herufi: E15DMHL ina M kwa kuwasha kwa kamba, H kwa usukani wa mkono, na L kwa shafti ndefu. Ukikuta S mwishoni, hiyo ni fupi.

Namba mbili ni Yamaha ya mapigo manne, ambayo oili yake hukaa peke yake ndani ya injini, kama F15, kwa anayekwenda mbali kila siku. Petroli inaokoa kwelikweli. Ila ni nzito zaidi, na hilo si jambo dogo kwa wanaobeba injini mabegani kila asubuhi kwa kuogopa wezi. Pia ukiilaza kwa upande usioruhusiwa, oili inahama inakotakiwa kukaa.

Namba tatu ni Suzuki DT na Tohatsu za mapigo mawili. Injini nzuri, lakini kabla ya kulipa nenda dukani ukaombe impela na koili yake. Wakikuambia inaagizwa, achana nayo.

Za bei nafuu kutoka China zinafaa kwenye maji tulivu, karibu na ufukwe. Yatosha.

Za mtumba tahadhari. Ulaya na Marekani injini mpya za mapigo mawili zenye kabureta haziuzwi tena kwa sababu ya sheria za moshi, kwa hiyo anayekuletea “kama mpya kutoka Ulaya” anakuletea ya zamani iliyopakwa rangi. Fungua kifuniko, tazama chumvi kwenye bolti.

Linalouma ni wauzaji. Mtu ametoka kisiwani na akiba ya msimu mzima, dukani zimebaki fupi tu, anaambiwa “itafaa tu, fundi atarekebisha”. Akitaka ndefu anatajiwa bei nyingine, na propela ya akiba haimo. Akirudi na injini iliyochemka, anaambiwa dhamana haihusu ufungaji mbaya. Wanaojua tofauti ya inchi tano ni wao, na anayelipa ni mvuvi.

Kwa hiyo dai stakabadhi yenye modeli nzima hadi herufi ya mwisho, pamoja na namba ya injini. Ilinganishe na kibao kabla sanduku halijafungwa. Ukishafunga injini, kaza vibanio tena baada ya nusu saa ya kwanza majini, maana mtetemo huvilegeza, na ifunge kwa kamba imara kwenye tezi.